Jirani Asiyekula Uyoga

Juzi nilipita sokoni Nateete nikakuta mama mmoja anauza uyoga ndani ya mifuko ya plastiki, umefungwa vizuri kama mkate. Nikamuuliza ameuokota wapi. Akaniangalia kama mtu aliyeamka jana. Akasema siku hizi uyoga hauokotwi, unafugwa: unakaa kwenye chumba cha giza, unalala juu ya maganda ya pamba, unanyunyiziwa maji asubuhi na jioni. Nikamwambia basi huo uyoga unaishi vizuri kuliko mimi. Akacheka, akaniongezea kidogo bure. Ndiyo kazi ya mdomo wangu, rafiki yangu, kila ninapopita unaniongezea kidogo. Lakini kuna siku moja mdomo huu ulimharibia mtu, na tangu nifike nyumbani na ule mfuko nimeshindwa kuufungua. Kwa hiyo kaa, nikuambie.

Mimi shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, tusigombane. Mwalimu wetu alikuwa anasema mdomo wangu ndio ulioandikishwa, kichwa kilibaki nyumbani kulinda kuku. Tulikuwa tunakaa Luzira, kwenye nyumba za mstari, chumba kimoja kimoja, ukikohoa chumbani kwako jirani anakuambia pole. Baba alikuwa fundi wa magari ya polisi, mtu wa kaskazini. Bibi yangu, mama yake, ndiye aliyekuwa anatulea mimi na kaka zangu wawili. Ilikuwa miaka ile ya serikali ya wanajeshi. Sukari tulikuwa tunaisikia tu kwa jina. Nguo bibi alifua kwa majani ya mpapai, na chumvi aliifunga kwenye kona ya leso yake kama dhahabu. Nyama usiniulize.

Mlango wa pili alikaa mama mmoja Mganda, mjane, mtu mzima. Sisi watoto tulimwita Jaja, kama watoto wote wa Kampala wanavyowaita wazee wao. Yeye na bibi yangu walikuwa marafiki wa ajabu, maana lugha hawakuwa nayo hata moja. Bibi hakujua Kiganda, Jaja Kiswahili alikichukia, alisema ni lugha ya kuulizwa kitambulisho. Basi mimi nikawa mdomo wao. Walikaa kwenye mkeka wakichambua maharagwe, huyu anasema, mimi nageuza, yule anajibu, mimi nageuza, na katikati natia chumvi yangu. Wakati mwingine walicheka kitu ambacho hakuna kati yao aliyekisema.

Jaja ndiye aliyejua uyoga kuliko mtu yeyote Luzira. Alijua ule mkubwa unaotoka peke yake kwenye takataka za migomba, na ule mdogo mweupe, mdogo kama vifungo vya shati, unaofunika kichuguu chote siku moja baada ya mvua, kesho yake umeisha. Alijua upi unaua. Kilichotuchekesha sisi watoto ni kwamba yeye mwenyewe hakuula. Waganda wana koo, na kila ukoo una kitu chake ambacho haugusi mdomoni. Ukoo wa Jaja ni wa Uyoga. Kuokota anaweza, kukuonyesha anaweza, lakini kuula ni kama kumla ndugu yake, na walituambia ukikosea unatoka vidonda mwili mzima. Kwa hiyo kila mvua alituonyesha vichuguu, na chungu kilikuwa cha kwetu. Bibi aliupika kwa karanga za kusaga, mpaka harufu yake iliwatoa watu vyumbani wakijifanya wamekuja kuomba moto.

Jaja alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, kijana wa kuchapa vitabu na kadi za harusi kwenye duka moja Wandegeya. Alikuwa ananiletea vipande vya karatasi za rangi. Siku moja saa ya chakula cha mchana, watu wenye miwani nyeusi na suruali pana walisimamisha gari mbele ya lile duka, wakamtia kwenye buti, wakaondoka. Hakuna aliyejua alichapa nini, au kama alichapa kitu. Sisi watoto tuliambiwa amekwenda Nairobi kutafuta kazi. Mimi nikaamini, nikaanza hata kumwagiza aniletee viatu.

Wiki moja baadaye Jaja alikuja kumuomba bibi yangu nimsindikize kuokota uyoga. Siyo vichuguu vyetu vya karibu. Mbali, kule msituni nyuma ya reli, mwendo wa saa nzima na zaidi. Mimi nikawageuzia maneno. Bibi alimwangalia mwenzake muda mrefu, halafu akanifunga leso kichwani, akasema niende.

Wewe umeshaelewa alichokuwa anatafuta. Kampala nzima ilijua ule msitu unapelekewa nini. Jaja alitaka kumpata mwanawe amzike kwao, kwenye shamba la migomba, karibu na baba yake. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilifikiri tunatafuta mboga.

Kwenye njia ya kuingia msituni wanajeshi walikuwa wameweka kizuizi, mapipa mawili na gogo. Ndiyo sababu ya kunichukua mimi. Mganda akifika pale peke yake na Kiganda chake hapiti. Lakini mimi nilikuwa na Kiswahili cha polisi, na kilima cha maneno, na jina la baba. Askari mmoja kijana aliyekaa pale alikuwa wa upande wa kwetu. Alinipenda. Kila asubuhi nilimpigia saluti kwa mkono wa kushoto, naye ananiita mkubwa wake. "Mkubwa, leo unaleta jeshi gani?" Namwambia nimeleta jeshi la kikapu. Wanacheka, tunapita. Nilijiona mtu muhimu sana. Siku saba tulipita hivyo.

Ndani ya msitu Jaja alinikalisha kwenye kichuguu, akaniambia nichume na nisimfuate. Yeye aliendelea. Alikuwa anatazama juu, kule wanakotua kaloli, wale ndege wakubwa wenye upara. Nilimwambia leo kaloli wana harusi, akanijibu ndiyo, wana harusi. Kulikuwa na harufu. Alisema ni mbwa. Akimaliza sehemu moja alifunga majani fundo kwenye miti ya pembeni, na mimi nikafikiri anaweka alama ya uyoga ili mwingine asije kuuchuma. Tulirudi na kikapu kimejaa, na nyumbani tulikula. Rafiki yangu, siku zile saba tulishiba. Kaka zangu waliota mashavu. Nakuambia hivyo kwa sababu ni kweli, na sijui niipeleke wapi.

Siku ya nane kwenye kizuizi alikuwepo mtu mwingine, mwenye miwani nyeusi, amekaa juu ya gurudumu anachokonoa meno. Yule askari kijana akaniuliza, kwa kucheza tu, Jaja anapikaje huo uyoga, maana yeye amechoka kula posho na maharagwe. Nilikuwa na jibu zuri. Niliona litawachekesha, na mimi kitu kikishafika kwenye ulimi hakirudi.

"Huyu apike?" nikasema. "Afande, huyu hata umfunge kamba hawezi kula uyoga. Ukoo wao unakataa. Akionja tu anatoka vipele kama fenesi."

Wakacheka kweli. Yule kijana alijishika tumbo. Yule wa miwani hakucheka. Alitoa kijiti mdomoni.

"Kama hauli," akasema, "kila siku anatafuta nini humu ndani?"

Niligeuka kumtazama Jaja. Kiswahili hakujua, lakini alijua kicheko kimekatika wapi. Akaniambia kwa Kiganda niwaambie uyoga ni wa kwetu, wa bibi yangu. Nikasema. Yule mtu akasimama, akachukua kikapu, akakipindua. Chini ya majani ya mgomba ilikuwemo mbugu imekunjwa, ile nguo nyekundu ya gome la mti. Mimi nilikuwa nimeiona siku zote nikidhani ni ya kufunikia. Yule mtu alikuwa wa hukuhuku, hakuhitaji kuelezwa kuwa kwenye mbugu Waganda wanamfunga maiti wa kuzikwa. Akaiweka kwapani.

"Mwambie arudi nyumbani," akaniambia, taratibu, kama mtu anayeagiza chai. "Akionekana hapa tena, nguo hii itamtosha mwenyewe."

Niligeuza. Yalikuwa maneno ya mwisho kuyageuza kwa ajili yake. Yule askari rafiki yangu alikuwa anatazama viatu vyake.

Njiani Jaja hakunigombeza. Ningependa angenipiga. Alinishika mkono tu, na tulipofika kwenye reli akasema, siyo kwangu hasa, "Ulibaki upande wa bwawa peke yake." Hapo ndipo nilipoyaelewa yale mafundo ya majani. Alikuwa ameumaliza msitu wote kipande kwa kipande, kimebaki kimoja.

Nyumbani bibi alikuwa ameinjika uyoga wa jana. Aliona kikapu kitupu, akaona uso wa mwenzake. Niliwaambia nilichosema. Bibi akatoa chungu motoni, akaenda kukimwaga nyuma ya choo, karanga zote zile, kaka zangu wakilia. Halafu akarudi, wakakaa kwenye mkeka mpaka jioni. Siku hiyo hawakuniita nigeuze kitu.

Jaja hakuruhusiwa kumaliza ule upande mpaka serikali ile ilipoanguka, na hiyo ilichukua miaka. Alikwenda na ndugu zake, mimi nikiwa msichana mkubwa nimebeba jembe nyuma yao. Kwenye bwawa kulikuwa na mifupa mingi, imelala pamoja, hakuna shati, hakuna kiatu. Alizunguka pale kuanzia asubuhi, anainama, anasimama. Ndugu zake walimwambia achukue yoyote, Mungu ataelewa. Alikataa. Alisema hawezi kumzika mtoto wa mwenzake akamwacha huyo mama anatafuta.

Msitu wenyewe haupo sasa. Waliukata, wakajenga viwanda na maghala, na upande wa bwawa malori yanaegeshwa. Vichuguu vyetu vya Luzira viko chini ya nyumba za ghorofa. Bibi alikufa, baba alikufa, na watoto wangu wakiniuliza habari za enzi zile nawapa zile za kuchekesha, foleni ya sabuni, majani ya mpapai.

Jaja wamemzika kwao, kwenye migomba, karibu na mume wake. Upande wa pili wameacha nafasi ya mtu mmoja. Watoto wa pale wanaichezea mpira kwa sababu hakuna kitu juu yake, na hakuna anayewafukuza. Wanaojua ile nafasi ni ya nani tumebaki wachache. Anayejua kwa nini iko wazi nimebaki mimi.