Simu ya Marehemu Baba Imeita Asubuhi Hii

Leo mtu amempigia simu marehemu baba yangu, akidai amemwona anasoma barua.

Sitanii. 

Juzi tumemaliza arobaini yake. Asubuhi hii nimewasha simu yake nitafute picha za mizinga yake ya nyuki kule Sikonge. Nikakuta barua pepe ya matangazo, ya kampuni inayouza mizinga na vifaa vya nyuki. Nikaifungua tu. Sijabonyeza kitu!

Haijapita robo saa, simu ikaita.

"Shikamoo mzee! Nimeona umefungua barua yetu saa tatu na dakika kumi."

Nikamwambia mzee amefariki.

 Akajibu kwa sauti ndogo: "Pole sana, dada. Ila miezi ya nyuma alikuwa anazifungua sana. Saa nane usiku, saa tisa, saa kumi."

Nikakata. Simu nikaitupa kitandani kama nimeshika nyoka.

Mdogo wangu Rehema, anayejua mambo ya kompyuta, ndiye kanieleza. Ndani ya barua hizo wanaficha kipicha kisichoonekana. Ukifungua, kinawapelekea habari zako: saa ngapi, mara ngapi. Ameingia kwenye mipangilio, akazuia picha zisijifungue zenyewe. Jamani, zenu mmezuia? Zuieni sasa hivi!

Lakini mimi nimebaki na zile saa.

Miezi yote ya ugonjwa wake, kila asubuhi nilimuuliza, "Baba, usiku umelala?"

"Nimelala vizuri, mwanangu."

Nyumba nzima tulimwamini. Muuza mizinga alijua baba halali usiku.