Umeme Mdogo wa Mwenyekiti Renatus

Kama hujawahi kuona mtu aliyepewa uongozi kwa sababu ya spika, njoo kijijini kwetu Nambis nikuonyeshe. Mzee Renatus hakuchaguliwa mwenyekiti wa kijiji kwa hekima, wala kwa ukarimu, maana chai ya nyumbani kwake sijakutana na mtu aliyeinywa. Alichaguliwa kwa sababu wakati wenzake wanaomba kura kwa midomo mitupu, yeye alikuwa na amplifaya. Watu wakaona huyu ana sauti. Basi tukapata sauti, tena tukapata hiyo tu.

Mimi ni Judica, nesi wa zahanati. Kwetu ni Upare, serikali ndiyo iliyonileta kwenye baridi hii, na nyumba yangu inatazamana na baraza ya Renatus. Kwa hiyo ninayoyasema sijasimuliwa.

Zamani Renatus alikuwa dereva wa wahandisi wa barabara upande wa Katesh. Mmoja wao, mzungu wa ndevu, alipoondoka alimwachia kinanda cha mdomo, maiki na amplifaya ya gitaa ya mtindo wa kizamani, ile yenye taa za kioo ndani, nzito kama gunia la mahindi. Gitaa lenyewe hakuachiwa. Mwenzetu hakujali. Alijifunza kukikumbatia kinanda pamoja na maiki ndani ya viganja, anapuliza humo humo, na sauti inatokea upande wa pili imekwaruzika kama ya mtu aliyelia msibani. Anaiita bluzi. Nilipomuuliza bluzi ni nini, alinijibu, "Ni huzuni, nesi, lakini ya watu wazima."

Na mashine yenyewe haiwashwi ikaimba hapo hapo. Lazima taa zake zipate moto kwanza. Basi utaona watu na akili zao wamekaa barazani wanaisubiri kama wanasubiri askofu, na kuku wa Renatus wamejibanza nyuma yake wanaota joto. Kuku peke yao ndio waliokuwa wanapata faida.

Lakini chuki haijaniziba masikio. Ilikuwa tamu. Jioni alipopuliza, hata mimi niliyekuwa nimechoka na wagonjwa nilikuwa naacha kupepeta mchele. Ila kwa maneno ilikuwa haifai kabisa. Akitangaza mkutano kwa maiki ile tunasikia krakra kijiji, krakra kesho, halafu tunaanza kuulizana majirani kama mkutano ni wa mbolea au wa choo cha shule.

Sasa, zahanati yetu na nyumba ya Renatus ziko mwisho wa laini ya umeme. Mchana tunajikongoja. Jioni, watu wakiwasha taa na mashine ya kusaga ikinguruma, balbu yangu inabaki na kamstari kekundu, hata sindano huioni. Dawa yake ni transfoma, jambo hilo hata mbuzi wa Nambis wanalijua, na wa kuipeleka shida yetu wilayani ni mwenyekiti.

"Mwenyekiti, transfoma imefikia wapi?"

"Nafuatilia, nesi."

"Shikamoo mzee, ile habari ya transfoma?"

"Marahaba. Naifuatilia, dada, mambo ya ofisi hayataki papara."

Alitupiga kalenda hivyo hivyo, masika yakaja yakapita, na yeye barazani anapuliza.

Siku aliyojifungua Natalia ilikuwa jioni ya mvua. Natalia ni binti mpole, mke wa mkulima wa hapa hapa, uzazi wa kwanza. Mtoto akatoka amechoka, wa bluu, halii. Nikawasha mashine ya kunyonya uchafu kooni. Ikakoroma, ikakata tamaa. Nikachukua kale kampira ka kubonyeza kwa mkono, mama mkwe wake akanimulikia kwa tochi ya simu, nikawa nabonyeza na kumsugua mtoto mgongo, nabonyeza na kusugua. Natalia ananiuliza, "Nesi, mbona halii?" Nabonyeza tena. Na kutoka ng'ambo ya pili, jamani, kinanda kinalia. Siku hiyo kilikuwa kitamu kuliko siku zote.

Mtoto alilia mwishowe. Wakamwita Gregory. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka mvua ilipoacha.

Kesho yake sikwenda tena kumuuliza Renatus. Alikuwa ameondoka kwenda Yaeda Chini kuangalia ng'ombe wake, heri yetu. Nilimchukua Yusta, mjumbe wa serikali ya kijiji, mwanamke asiyejua kuzungushwa, tukaenda wenyewe mjini kwenye ofisi ya umeme. Kijana wa pale alitusikiliza kwa adabu, akatafuta, akatafuta tena, akasema, "Mama zangu, kutoka kijiji chenu hajawahi kufika mtu." Yusta akanitazama. Tukaandika ombi hapo hapo, na haikuchukua muda, nguzo zikaanza kushushwa.

Renatus aliporudi alisema ombi lake lazima lilipotea njiani. Nikamdharau kwa uvivu. Sikujua kuwa hata hapo nampendelea, maana uvivu ungekuwa nafuu.

Transfoma ilipowashwa tulifanya sherehe uwanja wa zahanati, asubuhi, mheshimiwa diwani akiwa mgeni rasmi. Nani atumbuize? Mwenyekiti, nani mwingine. Alikuja na kofia yake ya sherehe, mashine imebebwa na watu wawili, ikachomekwa ukutani kwangu, tukaisubiri ipate moto kama kawaida. Natalia alikuwa benchi la mbele, Gregory mgongoni, mnene kama kiazi.

Renatus akapuliza. Spika ikatoa mluzi mkali hadi diwani akaziba masikio. Akapunguza, akapuliza tena. Sasa ikatoka sauti nyembamba, safi, isiyo na chembe ya huzuni, kama ya kale kamdoli ka watoto kanakolia ukikaminya. Watu wakaanza kucheka chini chini. Renatus uso ukamshuka. Akamgeukia fundi Vitalis, anayemtengenezeaga hiyo mashine, akamnong'oneza. Lakini mdomo uliponza kichwa: viganja vyake vilikuwa bado vimeikumbatia maiki.

"Si nilikwambia? Umeme mkubwa umeua sauti. Ule mdogo ndio ulikuwa unaipa utamu. Unadhani mimi nilikuwa siendi kule wilayani kwa nini?"

Na amplifaya ile, ambayo miaka yote ilishindwa kutuambia mkutano ni saa ngapi, siku hiyo iliyatamka yote, neno kwa neno, mpaka wanaosaga mahindi ng'ambo wakasikia. Ilikuwa imepata umeme wa kutosha.

Hakuna aliyecheka tena. Diwani aliangalia viatu vyake. Mimi nilihisi hasira ikinipanda hadi kwenye meno, nikaukumbuka ule mpira mkononi mwangu na kile kinanda kitamu. Alikuwa anajua. Jioni zile mimi nalaani umeme, yeye alikuwa anaubariki.

Sherehe ikaisha mapema. Renatus alibaki karibu na lango anakunja waya, na kwa kuwa njia ni hiyo hiyo moja, ilibidi wote tupite mbele yake. Huku kwetu mkubwa hapitwi bila shikamoo, hata uwe umegombana naye, hata uwe una haraka ya msiba. Wa kwanza kufika alikuwa Natalia. Binti ambaye hujamsikia akimjibu mtu vibaya alisimama mbele ya mzee anayelingana na babu yake, akamweka mtoto sawa mgongoni.

"Mambo, Renatus," akasema.

"Marahaba," Renatus akajibu kwa mazoea, kabla masikio hayajamfikishia alichoambiwa.

Nyuma ya Natalia nilikuwa mimi.