Kituo cha Bibi Nampunga

Koleta ana duka la kudurufu karatasi jirani na soko la Nachingwea, na kwenye droo ya duka hilo anatunza nchi nzima.

Nchi hiyo ya hadithi aliianzisha na wenzake watatu, wakiwa wanachuo wa ualimu. Reli ya mkoloni ya kubebea karanga iling'olewa kabla hawajazaliwa. Wao wakaandika kwamba haikung'olewa, ilizama tu, na treni bado inapita chini ya mikorosho ikibeba majini, wafalme walioibiwa vivuli na mbuzi wanaojua hesabu. Kila mwandishi alikuwa na kituo chake. Sharti lilikuwa moja: humgusi mtu wa kituo cha mwenzako bila kupiga hodi. Koleta ndiye aliyetoa nakala na kuzigonga mhuri uliochongwa kwenye soli ya kandambili. Daftari lisilo na mhuri si la nchi hiyo.

Chaki aliiacha zamani, mhuri hakuuacha. Wamefika kitabu cha kumi na saba, waandishi wapya wameingia, na nakala zinasomwa Kiegei mpaka Nambambo, zikirudi na harufu ya vitunguu.

Kituo kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha Saada, rafiki yake wa chuoni. Hapo ndipo alipokaa Bibi Nampunga, mkata tiketi, anayerudisha chenji pamoja na matusi. Saada alifariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo treni hupita pale bila kusimama. Koleta alijaribu kuisimamisha mara kumi na moja. Kila mara Bibi alitokea dirishani mpole kama mgeni rasmi, na Koleta akachana karatasi.

Jumatatu moja akaja Faudhia, muuza mboga, ameshika daftari.

"Mwalimu, una roho ngumu wewe! Bibi karudi na hata hunong'oni?"

Koleta akaligeuza. Limetoka Ruangwa, limeandikwa na mtu anayejiita Nicholaus fundi. Mhuri hakuna. Akasoma mistari mitatu, akalifunga.

"Huyu mwizi."

"Mwizi gani anarudisha kitu?" Faudhia akauliza.

Kesho yake Koleta akapanda gari la asubuhi kwenda Ruangwa, daftari mkobani, mhuri mkobani, na nia ya kukusanya nakala zote azitie moto. Kumpata Nicholaus hakukuwa na kazi. Kila mtu alimjua fundi baiskeli mwenye mdomo. Alipoinua uso kutoka kwenye gurudumu, Koleta akamtambua, na hasira ikapanda upya. Ni yule Mngoni, mtani wa Wayao wa kina Saada, aliyekuja msibani akajifunga kanga ya marehemu, akavaa miwani yake, akatembea kama yeye mpaka waliokuwa wakilia wakacheka. Koleta siku ile hakucheka. Aliondoka kabla ya chakula.

"Karibu, mwalimu. Umekuja na polisi au umekuja na njaa?"

"Nani kakupa ruhusa ya kumwandika Bibi?"

"Ruhusa! Mimi mtani. Niliwatukana wajomba zake wote makaburini na wakanipa kuku. Leo kwa kabibi ka kwenye karatasi ndiyo nipige hodi?"

"Watu wanalia, wewe unachekesha."

"Ndiyo kazi yangu. Ninyi mlikuwa mnamlilia, mimi nilikuwa namleta. Soma mpaka mwisho, halafu unipige. Pampu hiyo hapo."

Koleta akakaa kwenye kigoda, akasoma. Treni inasimama. Mwanamke mfupi, miwani imefungwa uzi mwekundu, anakuja dirishani kuomba tiketi.

"Wewe!" Bibi Nampunga anafoka. "Miaka sita hujaja kunisalimia, leo unataka kiti cha dirishani?"

"Nilikuwa nimekufa, Bibi."

"Kufa si sababu ya kukosa adabu. Shikamoo iko wapi?"

Kicheko kilimtoka Koleta kabla hajakizuia, kuku wa jirani wakatawanyika. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikageuka machozi, na Nicholaus akajifanya anatafuta spana. Miaka sita Koleta alikuwa akimwandika Bibi kwa heshima, kama mtu anayetandika kitanda cha marehemu. Bibi alitaka mwandishi mwenye haki ya kumtukana hata marehemu.

Alipojifuta, alitafuta pa kujishikia.

"Kuna kosa. Uzi wa miwani ulikuwa mweusi. Umeandika mwekundu."

Nicholaus akatikisa kichwa, safari hii bila utani. "Mwekundu, mwalimu. Siku ile niliivaa mimi."

Koleta akafumba macho amtafute Saada. Akaiona miwani, akaona pua. Uzi hakuuona. Angeapa kanisani kwamba ni mweusi.

Akafungua mkoba, akatoa mhuri, akaupumulia wino uliokauka, akaugonga kwenye daftari lililokuwa gotini.

"Mbona umekwenda upande?" Nicholaus akachungulia.

"Nyamaza wewe. Niambie, na kanga ile, ilikuwa imeandikwaje?"

Nicholaus akavuta tairi, akakaa juu yake, akaanza kumwambia.