Niliingia Jikoni kwa Mkwe Wangu Kuokoa Biskuti za Krismasi

Admin, ficha jina langu, ingawa hapa Nyamwaga ukitaja biskuti tu watajua ni mimi. Nina miaka sabini na moja, mke wangu alifariki mwaka juzi. Shule niliishia darasa la pili na hapa naandika kwa kidole kimoja, mtanivumilia.

Mimi ni mpishi, na siyo mpishi wa kubahatisha. Nimepika kambi ya watalii kule Natta miaka ishirini na mbili, bosi wangu alikuwa mama wa kizungu kutoka Ayalandi. Kila Krismasi tulioka biskuti za kwao: oti, ile nafaka ya uji wa wazungu, siagi, sukari na unga kidogo, unakata duara kwa mdomo wa glasi, unazitoa kingo zikianza kuwa za kahawia. Yule mama alisema mbele ya wageni kwamba zangu zimezidi za bibi yake. Waulizeni waliokuwepo.

Nilipostaafu nilijenga oveni ya udongo jikoni kwa mke wangu. Alipofariki, jiko likawa la mkwe wangu, mke wa mwanangu wa mwisho ninayeishi naye. Sasa kwetu Wakurya baba mkwe haingii jikoni kwa mke wa mwanawe, hata mkono hawapeani. Kwa hiyo mwezi huu alipotaka kujifunza zile biskuti nilimfundisha nikiwa nje, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya ukuta, yeye ndani.

"Siagi umeweka yote?"

"Nimeweka, Tata."

"Nasikia unavyokanda. Hiyo siyo ugali."

"Tata, kama masikio yako ni mazuri hivyo, mbona juzi nimekuita kula mara tatu?"

Nikacheka peke yangu kule nje. Tangu mke wangu aondoke hakuna mtu aliyenijibu hivyo.

Zikaingia kwenye oveni. Baadaye nikasikia harufu, siagi inaungua. Nikaita mara mbili, kimya. Nikadhani ametoka kuchota maji, nikaingia. Nilitoa trei, nikaiweka chini, ndipo nikamwona. Amekaa pembeni ananyonyesha mtoto, usingizi umempitia. Akashtuka, akajifunika kitenge, akatoka mbio. Zilizoungua zilikuwa nne tu.

Mwanangu aliporudi hakukaa.

"Tata, umeingia?"

"Zilikuwa zinaungua."

"Nimeuliza umeingia?"

Asubuhi yake akachukua mke na mtoto, wakaenda ukweni kwake Kemambo. Wazee wakaja. Mmoja, wa rika langu, akasema, "Mura, toa mbuzi, sema umekosa mbele ya mwanao, yaishe." Mbuzi ninao kumi na wanne, natoa hata watatu. Lakini niseme nimekosa? Nikamwuliza, "Ile trei angeitoa nani?" Wakanyanyuka. Chai waliiacha vikombeni.

Krismasi imebaki siku nne. Nimeoka mwenyewe, kopo limejaa. Jiko sasa naingia nitakavyo, hakuna wa kunizuia. Nilikula moja, nikafunika. Ng'ombe nawasikia, redio naisikia, mtu hakuna.

Jana akaja kijana wa bodaboda kutoka Kemambo na kopo limefungwa kwa kipande cha kitenge. "Shikamoo mzee. Mkwe wako anasema uonje, umwambie zimekosa nini." Zilikuwa biskuti za oti. Oveni kule hana, amezioka kwenye sufuria yenye mchanga. Nikaonja mbele ya yule kijana. Hazijakosa kitu. Zimezidi zangu, na hilo sijawahi kulisema kwa binadamu yeyote.

"Nimwambie nini, mzee?"

"Mwambie siagi imepungua."

Akawasha pikipiki akaondoka. Siagi haikupungua.

Tangu asubuhi mbuzi nimemfunga mlangoni, beberu mzuri mweupe. Kemambo siyo mbali. Kilichobaki ni lile neno moja, na kila nikijaribu kulisema humu ndani peke yangu linatoka la siagi. Ninyi mliosoma, baba analisemaje mbele ya mtoto aliyemzaa? Nishaurini kabla Krismasi haijafika, mimi hapa nasoma kila mtakachoandika, polepole.