Seremala wa Bweni la Balad

Seremala wetu hupiga mluzi akipima na hunyamaza akikata. Vidole vyake ni vifupi, vimejaa makovu, na kila ubao anaotaka kuung'oa huupapasa kwanza kwa kiganja, kama anayembembeleza mtoto. Tuko Balad, mtaa mkongwe wa Jeddah, tunageuza bweni kuukuu la chuo liwe mahali pa wahitimu wake kukutania. Mimi ni karani wa mradi. Yeye ni mtu wa Lamu, na nikiisifu kazi yake hujibu tu, "Bado, dadangu."

Jumatatu iliyopita alikuja mhitimu mmoja mzee, ametoka Riyadh, kukitazama chumba alicholala ujanani. Vitanda vyote tulikuwa tumeshavitoa ila kimoja. Mzee alikikalia, akavua viatu, akajinyoosha, na punde si punde usingizi ukamchukua. Seremala aliweka nyundo chini taratibu, akamfunika miguu kwa kikoi chake. Mara msimamizi wetu, Wafula, akapanda ngazi akifoka, "Yalla! Hicho kitanda kitoke, lori linangoja!"

"Mna mtu amelala humu," seremala alisema kwa sauti ya chini.

"Na bosi akipata hatujamaliza?"

"Mwambie ni mimi niliyekataa."

Wafula alimtazama yule mzee, akashuka kwa kunyata. Lori likaondoka bila kitanda. Mzee alipoamka, macho yakiwa bado mazito, aliuliza, kama enzi zake za bwenini, leo ni zamu ya nani kupika chai. Seremala akamjibu kwa Kiarabu kwamba ni zamu yake, akashuka kwenda kuipika.