Nilikataa chanjo ya binti yangu pale Bwera, jirani yangu ndiye aliyezika

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi. Naingia, nacheka, naweka like, natoka. Leo naandika. Na mtakachosoma siyo chai, siyo hadithi ya kutunga. Natamani sana kingekuwa chai.

Kiswahili changu nilikiokota barabarani, kwenye mizigo kati ya Kasese na Bwera, huku Uganda mpakani na Kongo, kwa hiyo ngeli zikigongana mnivumilie.

Kilichonifanya niandike ni ule uzi wa juzi kuhusu chanjo za watoto. Kuna mkuu mmoja aliandika: "Mtoto ni wangu, akiugua nitamuuguza mwenyewe, nyie mnawashwa nini?"

Nilianza kumjibu nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta.

Maana hayo maneno nilishayasema mimi, karibu hivyo hivyo.

Twende taratibu.

Ilikuwa kama miaka miwili kabla hatujaanza kuona ndoo za kunawa mikono za Ebola pale mpakani. Nilikuwa na gari ndogo ya mizigo. Natoa vitenge na sabuni Bwera napeleka Kasese, narudi na sukari, misumari, chochote. Mke wangu Zaituni alikuwa na meza yake ya viatu sokoni. Mtoto wetu alikuwa mmoja tu, Shamim.

Shamim alipochomwa sindano ya wiki ya sita, paja lilivimba. Alilia mpaka asubuhi, mwili wa moto. Kesho yake akaamka anacheka, hana habari. Lakini mimi ile hali ilinikaa rohoni. Nikasema huyu hachomwi tena.

Msije mkadhani nilikuwa na elimu fulani ya siri. Sikuwa na kitu. Sikusoma popote kwamba chanjo ni sumu. Nilikasirika tu, halafu nikaona aibu kurudi nyuma kwenye neno langu. Baadaye ndiyo nikaanza kuokota sababu. Kule park ya Kasese, yaani stendi, sababu ni nyingi, kila dereva ana yake. Na mimi nikawa nazisambaza, abiria akipanda mbele na mtoto nampa somo bure.

Sasa nyumba tuliyopanga ilikuwa ya ua mmoja, vyumba vinne. Kwenye chumba kilichotazamana na chetu alikaa mama mmoja Mkongo, katoka upande wa Beni. Alivuka mpaka kukimbia vita akiwa mjamzito. Mumewe alibaki huko na hajulikani alipo hadi leo. Alijifungulia Bwera, mtoto wa kike, akamwita Grâce. Sisi tukamwita Mama Grâce.

Mkatoliki safi, Jumapili hakosi misa. Sisi Waislamu. Lakini Idi alikula kwetu, Krismasi tulikula kwake. Zaituni akiwa sokoni, Shamim alishinda mgongoni kwa Mama Grâce, na Grâce kifuani. Huyo mama alikuwa na nguvu, acheni.

Siku ya kliniki ya watoto ilipokaribia alikuja mlangoni kwetu.

"Mama Shamim, kesho twende pamoja? Tupeleke batoto bote."

Zaituni akanitazama. Nikajibu mimi.

"Wewe nenda na wako. Huyu wangu hachomwi."

"Lakini Baba Shamim, sisi kwetu tuliona surua. Inamalizaka batoto."

"Kwenu ni vita, watoto wanakufa kwa mambo mengi. Hapa Uganda surua iliisha zamani."

Nilisema hivyo, wakuu. Kwa mwanamke aliyekimbia na tumbo.

Hakubishana. Alitabasamu kidogo, akaondoka. Grâce hakukosa kliniki hata moja. Kila tarehe aliyopangiwa alifika.

Ila ya surua inachomwa miezi tisa. Grâce alikuwa na miezi saba.

Shamim alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili alipoanza kukohoa. Mafua, macho mekundu, homa. Tukasema ni vumbi, ni meno. Siku nne nzima Mama Grâce alikuwa anambeba, anamfuta makamasi kwa kitenge chake, anamwimbia, na mwanawe yuko hapo hapo.

Siku ya tano asubuhi Zaituni aliona vipele nyuma ya masikio. Mpaka adhuhuri vimejaa usoni na shingoni. Mama Grâce aliingia na uji kama kawaida yake, Grâce yuko mgongoni. Alipomwona Shamim alisimama pale pale mlangoni. Mkono wake ulienda nyuma ukamfunika Grâce kichwa.

Halafu akatoka kinyumenyume.

"Iko surua," alisema akiwa nje. "Mumupeleke hospitali sasa hivi. Sasa hivi."

Tulienda. Wodi ilikuwa na watoto wengine wa ugonjwa huo huo, kwa hiyo ile "iliisha zamani" yangu ilifia pale mapokezi. Musawo aliyetupokea, ndivyo tunavyowaita wauguzi, alikuwa mama wa makamo, mpole. Alimpa Shamim kidonge cha vitamini A, akamsikiliza kifua, akaanza kuandika.

"Mzee, mtoto alipata chanjo ya surua?"

"Hapana."

Hakunigombeza. Akaendelea kuandika.

"Nyumbani kuna mtoto mwingine mdogo?"

"Hakuna. Wetu ni huyu tu."

"Na majirani? Aliyecheza naye, aliyembeba?"

Wakuu, hapa ndipo uzi wangu ulipo. Hayo mengine ni maelezo.

Zaituni alikuwa ametoka kutafuta maji. Nilikuwa peke yangu na yule musawo na kalamu yake. Nikasema, "Hakuna."

Kwa nini? Nimejiuliza miaka yote hii. Nadhani niliona ataandika, atatuma watu uani, watamuuliza Mama Grâce, na wapangaji wote watajua kwamba ugonjwa umetoka kwangu, kwa yule mjuaji wa sindano. Ni aibu, basi. Hakuna jingine kubwa zaidi. Aibu ya dakika moja.

Shamim alilazwa siku sita. Alipungua mpaka nikawa naogopa kumshika. Midomo ikapasuka, macho hayafunguki. Nilifanya dua ambazo sikuwahi kuzifanya. Siku ya saba alidai ndizi. Tukarudi nyumbani naye, na mimi nikasema alhamdulillah, yamekwisha.

Grâce alianza kukohoa ndani ya wiki hiyo hiyo.

Kwake haikuwa kama kwa Shamim. Ilienda kifuani moja kwa moja. Hospitali ya Bwera walimhudumia walivyoweza, halafu wakasema apelekwe Kasese, kuna vifaa zaidi. Gari ya karibu ilikuwa yangu. Niliwapeleka mimi. Mama Grâce alikaa mbele, mtoto amempakata, anahesabu pumzi zake kwa Kifaransa, kwa sauti ndogo, un, deux, trois, anafika kumi anaanza upya.

Grâce alikaa Kasese siku mbili.

Siku ya tatu niliwafuata. Walinikabidhi mama na furushi.

Alikataa mtoto awekwe nyuma. Akakaa naye mbele vile vile, amempakata. Tulipokaribia Muhokya kulikuwa na kizuizi cha askari. Mmoja akanipungia nisimame.

"Wewe! Zima gari! Mumebeba nini?"

Nilizima gari.

"Nauliza mumebeba nini!"

"Afande," Mama Grâce akasema, "nimebeba mutoto yangu. Ameisha kufa."

Yule askari alichungulia dirishani. Akavua kofia yake. Akaniambia, "Endesha. Polepole."

Tulimzika kwenye makaburi ya kanisa. Na mimi Mwislamu nilishika jembe.

Naona kuna mkuu kashaanza kuandika: "Una uhakika gani kwamba Grâce aliambukizwa na Shamim? Si ugonjwa ulikuwa mji mzima?" Ni kweli, sina uhakika. Nilimrudia yule musawo baadaye, nikamwambia yote. Alisema hakuna anayeweza kuapa. Lakini akasema pia kwamba mtoto wa miezi saba aliyekaa na mgonjwa, wangeweza kumchanja mapema, kabla ya miezi tisa. Labda ingesaidia, labda ilikuwa imeshachelewa.

"Labda" mbili hizo. Ya pili nilijificha ndani yake kama mwezi mzima. Ya kwanza ndiyo ikanitoa.

Siku moja mchana nilimkuta Mama Grâce anafua uani. Nikachuchumaa mbele ya beseni. Nikamwambia habari ya chanjo, kwamba Shamim hakuchomwa kwa sababu yangu.

"Ile nilijuaka," akasema. Hakuacha kufua.

Nikamwambia na ile ya musawo. Kwamba aliniuliza kuhusu majirani, na nikasema hakuna.

Mikono yake ilisimama ndani ya maji.

"Ile sikujua."

Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza.

"Toka kwanza, Baba Shamim. Toka."

Nikatoka. Siku mbili hakutusalimia. Zaituni nilimweleza usiku huo, naye akalala na Shamim upande wa pili, na sikumlaumu.

Siku ya tatu Mama Grâce alikuja mpaka mlangoni, akasimama nje.

"Nimefikiri," akasema. "Msamaha sina nayo. Pengine itakuja, pengine haitakuja, ni ya Mungu. Lakini kinywa yako ilisema uongo mbele ya musawo. Sasa itasema kweli mbele ya batu. Pale unasemaka na badereva. Pale unasalia. Yote. Na jina ya mutoto yangu."

Ijumaa ile nilimwomba imamu nafasi baada ya sala. Nikasimama mbele ya wanaume ninaofanya nao kazi, nikasimulia. Sikuficha ya musawo. Nilitaja jina, Grâce. Wengine walitazama chini. Mzee mmoja alisema wazi kwamba mambo kama hayo mwanaume hayaaniki msikitini. Jumatatu nikarudia park ya Kasese, na huko kuna waliocheka.

Ila jamaa mmoja fundi wa matairi alinifuata pembeni, akauliza kwa sauti ya chini, "Wangu ana mwaka na nusu. Nimechelewa?"

Nikamwambia panda gari. Tulimpitia mama na mtoto, nikawapeleka mimi mwenyewe.

Baada yake wakawa wengine. Siku za chanjo gari yangu ikawa haibebi mizigo, inabeba akina mama. Sisemi hivi mnisifu. Hata wangekuwa mia, Grâce harudi.

Mama Grâce alirudi kwao mwaka uliofuata, Butembo kwa dada yake. Siku ya kuondoka alimbeba Shamim muda mrefu, akamrudisha kwa Zaituni. Mimi alinipa mkono. Mkono tu. Sijui kama ile ya Mungu imeshakuja.

Shamim sasa yuko nursery. Mzima, mkorofi, hana hata kovu. Wakati mwingine namwangalia akikimbia, nafurahi, halafu furaha inakwama njiani.

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani naamua kuhusu mtoto wangu. Kumbe niliamua pia kuhusu mtoto wa mtu mwingine, ambaye mama yake alifanya kila alichoambiwa akabakiza miezi miwili tu. Na pili, wakuu: ukishakosea, usiongeze uongo juu yake. Kosa langu la kwanza lilikuwa la ujinga. La pili nililifanya nikiwa najua.

Uwanja ni wenu. Ulizeni, semeni, nitukaneni pia, nitasoma yote. Ila kama wewe unayesoma hapa una mtoto aliyepita miezi tisa na hujampeleka, naomba uweke simu chini, umpeleke kwanza.

Matusi yangu utaniandikia ukirudi.