Makumbi ya Bibi na Maji Yaliyogoma Kutoka

Juzi nilishuka pwani ya Mwambani, mwenzangu, nikakuta bahari imetoka hadi kule mbali, tope jeusi tupu. Ile harufu ikanipiga puani, nikamkumbuka bibi yangu papo hapo.

Miaka ile ya hamsini Bibi alikuwa akifukia makumbi ya nazi topeni, yaoze miezi kadhaa, kisha ayafukue, ayaponde na kusokota kamba za usumba, zile nyuzi zake. Shimo lake lilikuwa chini kabisa, mahali panapokauka siku za bamvu tu, maji yanapotoka mbali kabisa, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mwaka ule kamba zilikuwa za kufungia paa la nyumba yake mwenyewe. Fito tayari, makuti tayari, na masika hayo yanakuja. Bibi, mimi, na mama yangu mwenye mtoto mchanga, hatukuwa na pengine pa kulala.

Siku ya bamvu tukanywa uji wa mtama, tukashuka. Jirani yetu, karani wa bandarini, alikwisha kutuambia kitabu chao kinasema maji yatatoka saa nne. Bibi naye alihesabu siku za mwezi kwa vidole, akapata saa nne hiyohiyo. Saa nne ikafika, maji yangali kiunoni. Upepo wa kusi ulikuwa umevuma usiku kucha, mawingu yametanda, ukayasukuma maji ghubani na kuyazuia humo. Hilo halikuwamo kitabuni.

"Shikamoo, Bibi," karani akasema, naye ameshuka kutazama maji. "Ngojeni bamvu lijalo. Siku kumi na nne tu."

"Marahaba. Na mvua nayo umeiambia ingoje?"

Bibi akajifunga kanga kifuani, akaingia majini. Nikamfuata huku nalia kwa hasira. Yeye akichimbua kwa miguu, mimi nikizama kuyaokota makumbi, macho yananiwasha chumvi. Hadi maji yanaanza kujaa tena, tulikuwa tumetoa nusu.

Nusu ile ilitoa kamba za kufunga paa la chumba kimoja. Masika yote tulilala humo wanne, Bibi upande wa mlango, ambako mvua ilikuwa ikirusha. Asubuhi bega lake limelowa, nikimuuliza anasema ni jasho.

Siku hizi hakuna anayefukia makumbi pale. Kamba ni za nailoni, za dukani. Niliwauliza watoto waliokuwa wakicheza pale kama leo ni bamvu au maji mafu, yale yasiyotoka mbali, wakaniuliza bamvu ni nini, ikaniuma. Nyumba haipo, Bibi hayupo. Ningepewa kuchagua, ningerudi kwenye chumba kile kimoja, nilale mimi upande wa mlango.